Maneno Sabini na Tano

Sheria ya jimbo imenipa maneno sabini na tano,
si zaidi. Nayahesabu kwa ncha ya kalamu
kama mwenye duka anayerudisha chenji kwa mteja mkali.
Sifa marufuku. Swali lisiegemee upande,
lisimvute mtu shati,
lieleweke na aliyeishia darasa la nane.
Nimekibandika kifungu hicho ukutani,
karibu na kalenda ya duka la matrekta.

Rasimu ya kwanza niliandika "kuulinda mto".
Bwana Tillotson akaizungushia wino mwekundu:
"Linda ni neno lenye machozi. Toa."
Nikaweka "kuzuia uuzaji wa maji".
Wakili wa kampuni ya mabomba akaja, koti la mvua mkononi,
akasema "zuia" linanuka gereza.
Wakulima wa bondeni, buti zao zikimwaga udongo kwenye zulia,
wakasema bila "zuia" hakuna kilichobaki.
Tukafika kwa Jaji Ostrander.
Akamung'unya peremende ya koo, akahesabu: sabini na saba.
Akakata mawili.
Sikuwahi kuona maneno mawili
yakiondoka na mto mzima.

Likabaki fungu refu, na mkiani mwake swali:
*Je, kifungu kisichoruhusu maji ya Mto Tansy
kuuzwa nje ya kaunti, kisiendelee kutumika?*

Soma tena.
Kisichoruhusu. Kisiendelee.
"Si" mbili zimekaa benchi moja, zinatazamana,
kila moja ikingoja mwenzake aanze kusema.
Uongo hamna, naapa.
Kila neno, peke yake, limenyooka;
yote pamoja yamejikunja
kama seng'enge iliyotupwa nyuma ya ghala.

Jumapili mama akapiga simu kutoka Dunmore.
Ana miaka themanini na moja. Karatasi ya kura imekuja kwa posta,
iko mezani, kati ya kichupa cha chumvi na vidonge vya presha.
Theluji, akasema, imefika ngazi ya pili.
Halafu: "Maren, nikisema hapana, nakataa nini?
Nakataa kuuza, au nakataa kukataa?"

Jibu nilikuwa nalo. Swali nimelizaa mimi.
Ila chini ya kifungu cha ukutani kuna kingine:
mwandishi wa swali asimshauri mpiga kura yeyote.
Hawakuandika "isipokuwa mama".
Nikamsomea lilivyo. Akanyamaza.
Nikasikia jokofu lake likiunguruma, maili mia mbili toka kwangu.
Nikamsomea tena, polepole,
kana kwamba upole unaweza kufanya kazi ya uwazi.

"Baba yako," akasema, "alichimba ule mfereji kwa sepetu,
miaka mitatu. Siku maji yalipofika
aliniuliza kitu kimoja tu: tufungulie?
Nikasema, fungua."

Tufungulie.
Neno moja. Nililihesabu, Mungu anisamehe.

NDIYO ilishinda kwa kura mia nne na sita.
Redio ikasema wananchi wameamua.
Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja, kofia masikioni,
alinishika mkono, akautikisa kwa furaha:
alikuwa amepiga ndiyo, yeye na wanawe wote wawili,
na sasa mto umepona.
Pampu ikaendelea kuhesabu galoni.
Nikamwambia asante. Asante ya nini, sijui.

Siku ya Shukrani, tukiosha vyombo,
mama alinieleza kura yake bila kuulizwa.
Viduara vyote viwili aliviacha vyeupe.
Pembeni, pale mashine isiposoma,
aliandika kwa penseli maneno mawili:
*Niulizeni vizuri.*

Akanipa sahani nifute.